Ishirini na Sita ya Muuza Vifungo

Fundi koti aliingia soko la vifaa vya ushonaji saa nne asubuhi, watu wamefurika, akamkanyaga mtu mguu. Mwenye mguu alikuwa muuza vifungo, dada mrefu wa gauni la kijani, penseli kaichomeka kwenye nywele.

"Macho umeyaacha nyumbani?"

"Ninayo, ila yamekuona wewe yakasahau njia."

"Maneno hayo huwa unayapima, au unakata tu?"

Fundi akacheka, akanunua vifungo asivyovihitaji. Tangu hapo hakukosa kisingizio cha kurudi. Simu zikafuata, na "mpenzi" ikazoeleka mdomoni. Siku moja alimuuliza umri. Dada alikuwa akiandika idadi kwenye pakiti za vifungo. Akachana kipande cha karatasi, akaandika 26, akamsukumia huku akitabasamu.

Miezi mitatu baadaye dada alimtuma akamchukulie mzigo wa zipu, akampa kitambulisho chake. Fundi akasoma mwaka wa kuzaliwa, akahesabu mara mbili. Thelathini. Umri haukumsumbua, kilichomchoma ni uongo. Akafikisha mzigo, akaaga kwa mkato. Kwa wiki tatu simu iliita, naye akaitazama tu.

Kisha akapata kazi ya makoti matano ya wauguzi, kila koti vifungo sita. Kwenye droo ilikuwamo pakiti moja ya vifungo vyeupe aliyoinunua kwa dada, imeandikwa 26. Vinne vitapungua, akawaza, akaanza kushona hivyo hivyo. Koti la tano likafungwa hadi shingoni, na pakiti ikabaki tupu, wala hakikupungua hata kimoja. Fundi akavihesabu vyote upya, kimoja kimoja. Thelathini. Akavua tepu shingoni, akafunga duka, akaenda sokoni.

"Mbili ya kwenye 26 yako ni mbili gani?" alimuuliza dada, hata salamu hakutoa.

"Dazeni mbili. Na sita juu yake. Marehemu baba alitufundisha kuhesabu hivyo, maana vifungo huja kwa dazeni. Namba yangu ikiishia na sita, najua bila kupiga hesabu kwamba makoti ya vifungo sita hayatabakiza kitu. Kwa makumi yenu utajuaje?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa nakutania. Nilitaka nione utagundua lini. Kumbe wewe ukikwama huulizi, unanuna."

"Nisamehe."

Dada akamhudumia kwanza mama mmoja aliyetaka uzi mweusi, akamfungia taratibu, akamshukuru. Fundi akasubiri.

"Haya, niulize sasa, kwa mdomo."

"Una miaka mingapi?"

"Thelathini. Na wewe? Uliniambia thelathini na moja."

Fundi akatazama viatu vyake. Wiki tatu alikuwa amenuna kama mtu msafi.

"Thelathini na nne."

"Kwa hesabu ipi?"

"Ya kawaida. Ile ya kwanza ilikuwa ya woga. Niliona kijana kama wewe utanikimbia."

Dada hakucheka, wala hakukasirika. Alichomoa penseli, akaandika anwani nyuma ya pakiti.

"Jumapili saa nane njoo umwone mama. Ataanza na swali hilo hilo."

"Nimjibu nini?"

"Ukweli, mpenzi. Na uvae koti ulilolishona mwenyewe."