Pampu ya Pili

Foleni ya madumu ilikuwa imefika barabarani siku Kokugonza alipokutana na Mayala. Kituo kile cha mafuta cha Igogo kilikuwa kipya, kimojawapo cha vile vilivyoibuka tangu watu binafsi waruhusiwe kuuza mafuta, na rangi ya ukuta ilikuwa bado inanuka. Mbele ya Kokugonza mzee mwenye koti la kaki alikuwa akifoka.

"Mafuta gani haya? Matapeli wakubwa!"

Mayala, muuzaji mwenye shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi, hakubishana. Alimjazia debe upya kutoka pampu ileile, ya pili. Mzee akanyamaza, akaondoka ameridhika.

"Haya dada, nawe lete dumu nikujazie."

"Sitaki kujaziwa, kaka. Kwanza habari za kazi."

Akacheka. "Nzuri. Sasa unataka nini?"

Kokugonza akamweka sawa mwanawe Selina mgongoni. Kitenge chake cha kijani kilimkaa vizuri, ila nyusi moja ya mama huyo ilikuwa imeungua.

"Jumatatu saa nne nilinunua hapa lita moja ya mafuta ya taa, pampu ya pili. Jioni niliwasha kibatari nisome masomo yangu, kikalipuka. Mtoto alikuwa ubavuni kwangu. Sikuja kugombana. Naomba uyapime mbele yangu, na usiuze pampu hiyo mpaka ijulikane kuna nini. Jina lako nani?"

"Unanipeleka polisi?"

"Nakuandika kwenye daftari langu, nikirudi nisimtafute 'yule kijana'."

Mayala alidondosha tone kutoka pampu ya pili kwenye karatasi. Lilikauka nusu wakiliangalia, harufu ya petroli, isiyopaswa kuwemo, ikapanda.

"Nitamwambia bosi leo leo," akasema, sauti imeshuka. "Nikupate wapi?"

Akampa namba ya simu ya duka la jirani yake, Wilhelmina.

Jioni simu ya dukani ikalia, Kokugonza akaitwa.

"Mama Daftari, leo umeandika nini kunihusu?"

"Kwamba unaongea sana na hujasema bosi kajibu nini."

"Kasema tusubiri. Lakini sauti yako tamu, hata ukinikaripia."

Wilhelmina alibana kicheko nyuma ya mizani. Kesho yake ikawa hivyohivyo, na keshokutwa. Kokugonza akajikuta anavaa gauni lake la maua kwa ajili ya simu tu.

Siku ya nne alipita Igogo, akamkuta Mayala ameshika mpira wa pampu ya pili, anajaza madumu.

"Nikifunga nafukuzwa, mpenzi."

"Usiniite hivyo. Nilikuomba usiuze pampu hii, ukanipa maneno matamu. Usinipigie tena."

Siku mbili simu ililia, hakwenda kupokea. Siku ya tatu, saa nane mchana, Wilhelmina alikuja mbio.

"Shoga, anasema si mapenzi. Ni lile ombi lako!"

"Nimeifunga pampu," Mayala alisema kwenye simu, akihema. "Ufunguo wa kufuli ninao mfukoni, kazi sina. Asubuhi kaja mama mmoja, mkono umeungua, umefungwa bendeji. Hakufoka hata kidogo, Koku. Alinitazama tu. Tangu siku ile ulipoondoka nimekuwa nikiandika majina ya wanunuzi, na wa nyuma nimewakumbuka. Wako arobaini na mmoja. Nisaidie tuwafikie kabla hawajawasha taa jioni ya leo."

Walizunguka nyumba kwa nyumba. Mayala alipoanza kujitetea, Kokugonza alimgusa kiwiko, akaanza yeye: salamu, kisha tatizo, kisha ombi. Watu wakatoa madumu nje.

Jua lilipokuwa linazama walisimama juu ya jiwe kubwa, ziwa limekuwa jeusi chini yao. Mstari mmoja ulibaki kwenye orodha ya Mayala, hauna jina: *mzee, koti la kaki, debe zima.*

"Anakaa wapi?"

"Sikumuuliza. Nilitaka anyamaze tu."

Akamshika mkono. Kokugonza hakuutoa.

"Koku, nina jambo nataka kukuuliza. Wewe na Selina…"

"Uliza."

"Tumpate mzee kwanza."

Mlimani, katikati ya mawe, taa ya kwanza iliwaka. Ya pili. Kisha nyingi, ndogo, za manjano. Moja, karibu na maji, ikalipuka, ikawaka kubwa kupita zote.

Wakaanza kukimbia.