Ufa kwenye Kinga ya Désiré

Asubui ile, Kasoki alikuwa anapanguza kinga, ile baiskeli ya bwana yake, kwenye koridoo. Kila siku Désiré anapanda ile kinga ya magurudumu manene, anatoka kwao Saint-Josse, hapa Bruxelles, mpaka kazini Auderghem, anarudi nayo imejaa matope. Ni kinga ya Amerika, occasion, iliyokwisha kutumika na mwingine, nyepesi sana.

Kitambaa kikakwama kwenye bomba la mbele. Kasoki akainama. Ufa! Mwembamba kama unywele, pembeni ya pale soudeur, fundi wa kuchomelea wa Molenbeek, aliunga wiki iliyopita.

Akamuita bwana yake.

— Désiré, usipande! Imepasuka tena!

— Bon, nitairudisha kwa soudeur. Kule kwetu Butembo tulichomelea kinga ngapi? Mpaka leo zinabeba magunia ya viazi! Na Dan alichomelesha yake siku moja na mimi. Umemusikia analia?

Dan ni ndugu yake mudogo. Wako na kinga za aina moja, na nyuma ya yake Dan anabebaga mutoto wake, Jémima, kila asubui kumupeleka masomo.

Kasoki hakubishana. Akashuka ngazi mbio kumuita jirani, Maman Hawa wa Bujumbura, mwenye kutengeneza kinga kwenye duka la chini. Hawa akapanda na sumaku mukononi.

— Tonton Désiré, angalia.

Akaiweka kwenye kadre, yale mabomba ya kinga. Sumaku ikaanguka.

— Haishike. Donc si chuma, ni alimini.

— Tofauti gani?

— Kubwa! Zamani Wamarekani walitengeneza kinga za chuma, nzito kama ng'ombe. Miaka ya soixante-dix, ile ya sabini, vijana wa California wakaanza kushuka nazo milima. Zikavunjika. Wakajenga kadre zao wenyewe, kwanza za chuma yenye nguvu. Kisha wengine wakaleta alimini, sababu ni nyepesi. Lakini alimini, wakisha kuiunga, wanaipika ndani ya furu, tanuru ya moto, ipate nguvu. Moto wa soudeur wako unaiondoa ile nguvu.

— Alors nifanye nini?

— Ukiona ufa, haupandi. Hauchomelei, haufungi na waya. Unabadilisha kadre.

— Maman, nitachelewa kazi!

— Unaogopa kuchelewa, hauogopi kufika bila meno? Kuja, nikupe ya chuma.

Désiré akacheka bila kupenda, akaondoka nayo. Kasoki akabaki anaangalia simu, sumaku ya Hawa mukononi. Simu ikalia.

— Chérie, nimefika. Ni nzito, kweli. Lakini pale kwa mutelemuko haikutetemeka hata kidogo!

Kasoki akapumua. Kisha akakumbuka ile kinga ingine.

— Désiré. Na Dan?

— Mupigie, akasema Désiré. Mupigie sasa hivi.

Akapiga. Ikaitika mashine, na sauti ya Dan: acha ujumbe.

— Dan, ni Kasoki. Usipande ile kinga. Usimuweke Jémima nyuma. Angalia pale walichomelea. Nipigie, tafazali.

Akaweka simu. Inje, watoto walikuwa wanaenda masomo na mifuko mugongoni. Kasoki akangoja. Sumaku ilishapata joto ndani ya mukono wake.

Simu haikulia.