Kidonge Kitamu Nilichompa Mwanangu Kila Asubuhi

Nesi alitoa kidonge kimoja kwenye kichupa nilichokuja nacho, akakidondosha kwenye kikombe cha maji.

Kikatoa povu... kikayeyuka.

"Mama, onja."

"Nionje dawa ya mgonjwa?"

"Nimesema onja!"

Nikachovya kidole, nikalamba.

Kitamu! Kitamu kupita sukari yenyewe!

"Hii ndiyo dawa unayompa mwanao kila asubuhi?"

"Ndiyo..."

"Hii si dawa, Mama. Hivi ni vidonge vya kutia utamu kwenye chai, wanatumia watu wasiotaka sukari. Mwanao hajameza dawa yake siku nyingi sana. Unamuua huku unamwangalia!"

Nikashika chuma cha kitanda.

Mwanangu yuko pale amelala. Uso umevimba mpaka macho yamebaki mistari. Ngozi ya baridi kama sakafu ya bafuni. Wamemfunika mablanketi na jua la mchana linawaka nje. Namwita, haitiki.

"Nani alikupa hiki kichupa?" nesi akauliza.

Wenzangu, hapo ndipo kilipo kisa changu.

Mimi shule yangu iliishia ya msingi, msinihukumu kwa mwandiko. Naandika kwa sababu kuna mama mahali fulani kesho asubuhi atampa mwanawe kidonge kama nilivyompa mimi. Huyo ndiye namtaka asome.

Nimezaa mabinti wawili. Majina yao nimeyasitiri. Mkubwa nitamwita Kifungua, maana ndiye kifungua mimba wangu. Mdogo ni Kitinda. Kati yao hakuna mwingine.

Kifungua ni fundi cherehani. Alikuwa na mikono miepesi, mtu anakuja asubuhi na kitambaa, jioni anaondoka amevaa. Mwembamba, mcheshi, mdomo umejaa pini na bado anakutania.

Akaolewa. Baada ya muda akaanza kunenepa.

Sio kunenepa kwa raha. Alikuwa anavimba. Nywele zinabaki kwenye chanuo. Choo hakitoki. Watu wanajipepea kwa joto, yeye amevaa sweta. Anakaa kwenye cherehani anasinzia na mguu uko kwenye pedali.

Mumewe akampa jina. Tangi.

"Tangi, sogea nipite."

"Tangi, kula kidogo, hii nyumba ina watu wawili."

Hospitali wakampima damu. Daktari akasema ni tezi. Ile ya shingoni, inafanya kazi kwa uvivu, ndiyo maana mwili mzima umepoa. Akampa vidonge vidogo vyeupe. Kimoja kila asubuhi, tumbo tupu, kwa maji matupu. Chai isubiri karibu saa nzima. Anywe maisha yake yote, na arudi kupimwa damu.

Na kweli alianza kupata nafuu!

Lakini mdomo wa watu hauna dawa.

Siku moja, kwenye kibaraza anachoshonea, mteja akamuuliza, "Fundi, hiyo futi yako ya kupimia inakuzunguka mwenyewe?"

"Inanizunguka," Kifungua akajibu, "ila naiomba ruhusa kwanza."

Wakacheka. Naye akaona afadhali aseme ukweli.

"Nina ugonjwa wa tezi, jamani."

"Tezi? Si ndiyo ile ya wazee wa kiume, inayowazuia kukojoa?"

Lo! Kibaraza kizima kikavunjika mbavu.

"Basi fundi kawa babu! Babu, gauni langu tayari?"

Jina likaganda. Kuanzia hapo mwanangu hakumwambia tena mtu yeyote kwamba anaumwa. Alikubali aitwe mnene tu, kuliko kuitwa Babu mwenye tezi.

Mumewe naye akamrudisha kwangu.

Alimteremsha mlangoni na mabegi mawili na cherehani.

"Mama, nimekuletea mzigo wako. Kitanda changu kimeshindwa."

"Baba, huyu ni mkeo! Ni mgonjwa!"

"Akipona huo ugonjwa nitamfuata. Dawa nitaleta mimi, msije mkanitangaza kwamba nimemtupa. Duka liko jirani na kazini kwangu na cheti chake cha daktari ninacho."

Akaondoka anapiga mluzi.

Kitinda ndiye aliyempokea dada yake. Alimkumbatia, akalia kuliko mimi. Nikasema moyoni, nimezaa.

Wakati huo Kitinda alikuwa amechumbiwa, na mchumba wake alishamwambia waziwazi, "Mimi sioi tumbo." Gauni la harusi lilikuwa linashonwa na dada yake, palepale kibarazani kwangu.

Dawa nilizishika mimi, kwa sababu huo ugonjwa unaleta usahaulifu. Ila zile karatasi zake ngumu zilikuwa zinanishinda kuzipasua. Kitinda akaniona nahangaika.

"Mama, vidole vyako vimechoka. Shemeji akileta dawa nitakuwa nazitoa zote nakuwekea kwenye kichupa. Wewe unamimina tu."

"Mungu akubariki mwanangu."

Nilimbariki, jamani. Kwa mdomo wangu!

Nikawa kila asubuhi namimina kimoja, nampa na maji.

"Mama, mbona siku hizi hiki kidonge kitamu?"

"Wameboresha," Kitinda akadakia. "Shemeji kasema ni vya kampuni mpya."

"Shukuru basi," nikamwambia. "Wenzako wanameza shubiri."

Akameza.

Akaanza kurudi kule kule. Akavimba zaidi ya mwanzo. Nyusi zikapukutika. Sauti ikawa nzito, ikakwaruza, na wale wateja wake waliomfuata mpaka kibarazani kwangu wakafurahi maana sasa hata sauti ilikuwa ya Babu. Vidole vikaingia ganzi, sindano inamdondoka, anapapasa sakafuni kuitafuta.

"Mama, mimi sili sana. Unaniona."

Nilikuwa namuona. Nilishampunguzia sahani mpaka nusu, na nusu nayo nikaipunguza. Alikuwa analala na njaa na asubuhi anaamka amevimba.

"Twende ukapimwe damu," nikasema.

"Baada ya harusi," Kitinda akasema. "Gauni litachelewa. Na wakimwona alivyo watamcheka tu. Dada, wewe ni kujituma. Uvivu ndio unakunenepesha."

Kitinda mwenyewe alikuwa anakonda kama kitu kinachoyeyuka. Alikuwa anasimama juu ya kigoda, dada yake amepiga magoti na pini mdomoni.

"Ingiza tena hapa kiunoni, Dada, linanipwaya."

"Mdogo wangu, juzi nimeingiza. Nikiingiza tena zipu itakutana na zipu."

"Ingiza. Najipenda mwenzio. Sijui wengine wanajipendaje, wanafunga mdomo mbele za watu halafu usiku jokofu linafunguka peke yake."

"Kitinda, ulimi huo!" nikamkaripia.

"Utani, Mama!"

Akashuka kwenye kigoda, jasho linamtiririka, mikono inamtetemeka. Nikasema ni pilikapilika za harusi. Bi harusi gani hatetemeki?

Mumewe Kifungua alikuwa analeta dawa, hafiki ndani. Anampa Kitinda getini, wanacheka kidogo, anaondoka. Roho yangu ikamkataa kabisa.

Sasa ile asubuhi nilitoka na kikombe cha maji na kidonge, nikamkuta Kifungua amelalia cherehani. Shavu liko juu ya lile gauni jeupe, mate yanachuruzika. Nikamgusa. Baridi!

Nikapiga yowe.

Kitinda akatoka mbio, akamwona dada yake, akashika kichwa.

"Gauni langu!!!"

Ndiyo. Hilo ndilo neno la kwanza lililomtoka. Mimi nikadhani ni kuchanganyikiwa.

Ndivyo tulivyofika wodini, mpaka kile kidonge kikatoa povu.

"Nani alikupa hiki kichupa?" nesi alinirudia.

Na muda huohuo mkwe wangu akaingia, miwani ya jua kichwani.

"Haya, Tangi kafanya nini tena?"

Sikujua nimevua ndala saa ngapi. Nilimchapa nayo mdomoni!

"Muuaji! Umemletea mwanangu sukari ya chai umwue upate mke mwembamba!"

"Mama! Umechizika?"

"Ndiye yeye, Mama!" Kitinda akapaza sauti, kidole kimemnyooka. "Dawa zote analeta yeye! Mwiteni polisi!"

Hata wagonjwa wakainuka kutazama.

Mkwe wangu akafuta mdomo. Akamwangalia Kitinda kwa muda, kama mtu anayejaribu kukumbuka kitu.

"Mimi?" akasema. "Kila nikileta dawa si nakupa wewe mkononi, zikiwa kwenye karatasi zake? Na kila nikigeuka unanipigia simu, 'Shemeji, zimeisha.' Zile za miezi mitatu zinaisha kabla mwezi haujaisha! Mpaka nikawa nawaambia watu kazini mke wangu hata dawa anakula kwa ulafi!"

Nikamgeukia Kitinda.

"Mimi ninampa dada yako kimoja kwa siku. Nani alikuwa anamaliza dawa zenyewe?"

Alikuwa ameshika kifua, midomo imekauka, macho yamemtoka. Akajishika ukutani... akateleza... puu! Sakafuni.

Daktari wa wodi akaja mbio, akapiga goti, akamshika mkono.

"Moyo unakimbia ovyo! Binti, unameza nini?"

Mkoba wake ulikuwa umefunguka alipoanguka. Nesi akatoa karatasi za dawa zilizopasuliwa, nyingine na nyingine. Jina lililoandikwa kwenye boksi ni la Kifungua.

"Unameza ngapi?"

"Tatu... siku nyingine nne..."

"Kwa nini?!"

"Nilisoma kwenye simu... wanasema zinayeyusha mafuta. Na dukani hawakuuzii bila cheti. Ndiyo nikamwekea Dada vidonge vyangu vya chai."

Nikamwinamia. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumnyonga, vyote kwa mikono ileile.

"Na dada yako je? Hukumfikiria dada yako?"

Akanitazama. Jamani, mwanangu mwenyewe, niliyemnyonyesha, akanitazama bila hata chozi.

"Yeye alishanenepa, Mama. Angepoteza nini?"

Wenzangu, nimewahi kuzika mume. Haikuniuma hivi.

Waliwalaza wodi moja, vitanda vinatazamana. Mmoja moyo umezidi mbio, mwingine moyo unasuasua. Mmoja wanampoza, mwingine wanampasha moto. Mimi nimekaa kati, kila upande nikigeuka naona aibu.

Mchumba wa Kitinda alikuja, akasikia habari mlangoni, akarudi na matunda yake.

Mkwe wangu alibaki nje kwenye benchi. Nilimfuata kumwomba radhi kwa ile ndala.

"Usiombe, Mama," akasema. "Kumwua sikumwua. Nilikuwa namcheka tu."

Akasema "tu". Nikarudi ndani.

Walimpa Kifungua dawa kwa mshipa. Siku zikapita akafumbua macho. Akaomba maji, na sauti ikiwa bado ile ya kukwaruza akaniuliza.

"Mama, nimekuwaje?"

Sikuweza kumdanganya. Nikamwambia yote. Kichupa, vidonge vya chai, gauni, mdogo wake. Nikasubiri alie, atukane, anitemee mate. Ningeyapokea.

Machozi yakaanza kumtoka pembeni ya macho, yakaingia masikioni.

"Kumbe sikuwa mvivu," akasema.

"Mwanangu..."

"Kumbe nilikuwa sili sana, Mama. Kumbe nilikuwa nasema kweli."

Upande wa pili Kitinda akajifunika shuka mpaka kichwani.

Leo wote wako hai. Kitinda alipona, lakini moyo wake mpaka sasa unarukaruka, na kwangu haji maana dada yake yupo. Kifungua mwili unashuka pole pole. Hajawa mwembamba kama zamani na daktari kasema asitarajie miujiza, dawa inarudisha uzima, haichongi kiuno. Ameanza tena kushona.

Mama mwenzangu unayesoma, nisikilize. Dawa ya tezi si dawa ya kupunguza mwili, anayeimeza bila kuumwa anachezea moyo wake. Dawa ya mtu ikae kwenye karatasi yake yenye jina lake, usikubali kumiminiwa kwenye kichupa na mtu yeyote, hata uliyemzaa. Tarehe ya kupimwa damu haiahirishwi kwa ajili ya harusi. Mgonjwa akikwambia dawa imebadilika ladha, usimwambie ashukuru! Na yule mnene unayemcheka, hujui anapigana na nini huko ndani. Ukimwona anavimba na hali chakula kingi, usimpunguzie sahani. Mpeleke akapimwe.

Mimi mwenyewe nimebaki na langu.

Jana asubuhi nilimpelekea Kifungua maji na kidonge, nimeshakitoa kwa shida kwenye karatasi nikakiweka kiganjani. Alikitazama. Akanitazama mimi.

"Weka maji tu hapo mezani, Mama," akasema kwa upole. "Kidonge nitakipasua mwenyewe."