Uyoga wa Nyuma ya Ngome

Kila Jumamosi ya Oktoba, nikishamaliza mkate na vitunguu, Bibi hunipa kikapu na maneno yaleyale: "Vlasta, uyoga hung'olewa pamoja na kitako chake. Ule wa sumu una kimfuko chini." Siku hiyo sikumsubiri amalize. Kamil na dadake mdogo, Jolana, walikuwa wananiita langoni.

Tulipanda kilima hadi kwenye magofu ya ngome, majani makavu yakitufika vifundoni. Kamil alianza uchokozi wake hata kabla hatujafika.

"Bibi yako ndiye anayejua uyoga. Wewe unajua kula tu!"

"Funga domo lako! Leo utaona."

Nilikasirika kwelikweli. Baada ya kutafuta kwa muda, kikapu chake kilikuwa kimejaa nusu, changu kitupu. Mara, nyuma ya ukuta, chini ya mwaloni, nikaona uyoga mwingi wenye rangi ya kijani. Ardhi ilikuwa ya mawe, na kuung'oa kungenichelewesha. Nikatoa kisu, nikaukata juujuu mpaka kikapu kikajaa.

"Umeangalia vitako?" Jolana akaniuliza.

"Nimeangalia! Kwani mimi mtoto mchanga?"

Sikuwa nimeangalia hata kimoja. Tukagawana uyoga wote nusu kwa nusu kama kawaida yetu, Kamil amenuna kwa kushindwa.

Nyumbani, Bibi aliugeuzageuza uyoga mmoja mkononi, kisha wa pili. Akabadilika uso.

"Vitako viko wapi?"

"Nili... niliukata."

"Na nusu nyingine?"

"Iko kwa kina Kamil."

"Kimbia, wewe mtoto! Kimbia!"

Niliingia kwao bila kubisha hodi. Uyoga ulikuwa umeshakaangwa na mayai, na Jolana alikuwa ameshika uma.

"Usile! Sikuangalia vitako! Nilidanganya!"

Mama yao alimpokonya uma, akamwaga chakula chote. "Nani ameonja?" akafoka. "Semeni!" Hakuna aliyekuwa ameonja.

Kamil alinishika bega kwa hasira. "Ungemuua dadangu! Kwa ajili ya kikapu tu, Vlasta?" Nilijichukia.

Bibi alitufikia akihema. Hakuketi wala kunywa maji, akaniuliza nilipoukata uyoga, akatuongoza sote hadi kwenye ule mwaloni. Pale nilipokata, akachimbua kitako kwa kisu. Kimfuko cheupe hicho hapo. Akachimbua cha pili, kimfuko tena.

Jolana alinitazama. "Ulijua uyoga huu una sumu?"

"Hapana," nikasema huku nalia. "Nilijua kwamba sijui. Nisamehe, Jolana."

"Basi hapo ndipo ulipotakiwa kufungua mdomo!" Bibi akanikaripia. "Ungesema hujui, Kamil angekucheka mpaka jioni, yakaisha. Wewe ukasema umeangalia, na huyu mtoto akakuamini, akashika uma." Kisha akamgeukia Kamil. "Na wewe unayecheka wenzako, umesikia? Mtu anayeogopa kuchekwa hudanganya."

Kamil akainamisha kichwa. Bibi akanitia kisu mkononi, sauti yake sasa imeshuka.

"Chimbua vyote vilivyobaki, kimoja kimoja, uvione kwa macho yako. Na siku nyingine ukiulizwa jambo usilolijua, sema hujui. Aibu haijaua mtu."