Bahari Iwe Upande Wako

“Umeichora kinyume,” Redio alisema, akiweka kidole juu ya ramani. “Watu wote wakishuka kwenye kivuko wanakata kushoto. Bahari inakuwa dirishani kwa abiria, mtu anaangalia mpaka macho yanachoka. Wewe unatupeleka kulia?”

“Tunakata kulia,” mumewe alijibu bila kuinua kichwa.

“Kwa hiyo mimi nizunguke kisiwa kizima naangalia vichaka?”

“Bahari utaiona wewe. Wewe ndiye utakayeendesha.”

Redio alicheka. Halafu akaona mwenzake hacheki.

“Mimi? Wewe unajua mara ya mwisho kushika usukani niligonga geti la baba yako. Na geti lenyewe lilikuwa wazi!”

“Utaendesha. Nina sababu zangu.”

“Sababu gani?”

“Tukifika kule nitakwambia.”

Jina la Redio alipewa na huyu huyu mume, enzi za uchumba, kwa sababu msusi huyu akishika kichwa cha mteja asubuhi, mdomo haufungwi mpaka saluni ifungwe. Mume naye mtaani anaitwa Spika. Si kwamba aliwahi kukaa bungeni, hapana, kazi yake ni kufunga vyombo vya sauti kwenye kumbi za harusi. Redio na Spika. Watu walisema hawa wametoka kiwanda kimoja. Na tangu enzi hizo walikuwa na ndoto moja tu, kukipakia kigari chao kwenye kivuko, wavuke, wakizunguke kile kisiwa kwa barabara ya ufukweni, polepole, wakilala watakapochoka. Kila mwaka safari ilikwama. Mwaka huu Spika mwenyewe ndiye aliyekomaa: Ijumaa, lazima, hakuna kuahirisha.

Sasa mtu anayeililia safari hivyo, mbona ndani ya nyumba amegeuka jiwe? Hilo ndilo lililomtafuna Redio. Miezi sasa anaongea, mume anatazama pembeni. Akimpigia simu hapokei, anajibu kwa ujumbe. Wakitembea barabarani anamhamisha upande huu na ule kama kochi. Kitandani aliomba wabadilishane upande, akagoma kusema kwa nini. Mwisho Redio akachoka kuongea na ukuta, akajizima. Siku hizi akirudi kutoka saluni anapika, anakula, analala, kimya kama mpangaji anayedaiwa.

Jioni ile alikwenda jikoni kuzima jiko. Aliporudi alimkuta Spika bado ameinamia ramani, feni kuukuu ikinguruma kwenye stuli mkono wake wa kulia. Redio akasimama upande wa pili, karibu kabisa. Akapiga moyo konde, akauliza kwa sauti ya chini, maana swali lenyewe lilikuwa zito kulibeba.

“Mume wangu, bado unanitaka? Kama hunitaki, sema tu. Sitapiga kelele.”

Spika akachora mstari mwingine. Akapuliza vumbi la penseli.

Redio alisubiri. Alisubiri mpaka mstari ule ukamaliza kisiwa, na mume hata jicho hakuinua. Basi akajua amejibiwa. Akaenda chumbani, akajifunika shuka, akalia bila sauti.

Asubuhi Spika alikuwa bafuni simu yake ilipotikisika mezani. Redio hakuwa na tabia ya kupekua simu ya mtu, lakini tabia nazo huisha. Namba haikuwa na jina.

*“Umeshamwambia mkeo? Usiendelee kumficha, si haki. Jumatatu njoo, nimekutengea nafasi.”*

Kabla hajafikiri, kidole kilishabonyeza kupiga. Ikaita mara moja tu.

“Haloo!” Sauti ya kike, nyororo, yenye furaha. “Makubwa! Leo umeamua kupiga badala ya kuandika?”

Redio akakata. Akairudisha simu pale pale ilipokuwa, akaketi sakafuni kwa sababu kiti kilikuwa mbali.

Spika alipotoka bafuni alimkuta anakunja nguo.

“Unapanga za safari?” akauliza, uso umechanua. “Beba na sweta, kule juu kuna baridi.”

Redio hakujibu. Spika alimtazama midomo, akasubiri, akasubiri tena, kisha uso ule ukasinyaa. Alichukua begi lake la nyaya akaenda kazini bila neno.

Mlango ulipofungwa, Redio alimpigia dada yake.

“Dada, nakuja kwako. Nakuja na nguo.”

“Amekupiga?”

“Bora angenipiga ningejua ananiona! Ana mwanamke, dada. Nimemsikia kwa masikio yangu.”

“Na ile safari yenu?”

“Anataka niendeshe mimi. Kisiwa kizima.”

“Wewe uendeshe? Kwenye ile barabara ya mabonde? Mdogo wangu, huyo hakutafutii matembezi, anakutafutia jeneza. Toka humo leo hii!”

“Natoka. Nampitia ukumbini kwanza, nimrudishie pete yake.”

“Pete mwachie mezani.”

“Hapana. Nataka aniangalie usoni.”

Kwenye teksi, begi mapajani, alikuwa akiyapanga maneno. Aliyapanga makali, akayapangua, akayapanga upya. Lakini chini ya yote lilikuwapo ombi moja la aibu ambalo hata dada hakuambiwa. Alitaka Spika amzuie. Amshike mkono tu, aseme usiende, basi, hata uongo angeupokea.

Ukumbi ulikuwa na harusi kesho yake. Wapambaji walikuwa juu ya ngazi wakifunga vitambaa, meneja wa ukumbi akihesabu meza, na viti vya chuma vimepangwa juu kwa juu karibu na jukwaa. Spika alisimama mbele ya mashine yake yenye vitufe mia, hedifoni ameivaa nusu, upande mmoja umebana sikio la kulia, la kushoto liko wazi. Alikuwa amempa mgongo kidogo.

Redio alisogea mpaka hatua moja kutoka bega lake la kushoto.

“Nimekuja kukurudishia pete yako.”

Spika akageuza kitufe.

“Unanisikia? Naondoka. Nguo zangu ziko kwenye teksi.”

Akageuza kingine. Wapambaji wawili walikwishaanza kutazamana.

“Hata leo?” Akaishika pete kidoleni. “Hata leo, mbele za watu, huwezi kunipa neno moja? Mimi nimekukosea nini?”

Redio aliivua pete. Kidole kilikuwa kimevimba kwa jasho, akaivuta kwa nguvu, ikatoka, akainyoosha mbele. Ndipo mpambaji mmoja, kwa kukodoa macho kutazama ugomvi wa watu, alipoteleza kwenye ngazi na kuangukia ule mrundo wa viti. Viti vyote vikaporomoka sakafuni, nyuma kabisa ya Spika. Ukumbi mzima ulipiga yowe. Meneja alirusha makaratasi. Redio mwenyewe aliruka, akashika kifua.

Spika alikuwa anageuza kitufe.

“Fundi!” meneja alifoka. “Viti vyataka kukuvunja mgongo, wewe huna masikio?”

Fundi hakumsikia na yeye.

Mpambaji aliinuka akijipangusa, mzima wa afya ila aibu, lakini Redio hakumwona. Alikuwa anatazama lile sikio la kushoto, lililokuwa wazi, karibu naye kiasi cha kulishika. Akasogeza mdomo mpaka karibu uliguse sikio lenyewe.

“Spika,” akaita. “Nyumba yetu inaungua.”

Spika alitabasamu, si kwa neno hilo. Alikuwa amepata sauti aliyokuwa anaitafuta kwenye hedifoni.

Redio akamzunguka, polepole, akamjia mbele. Spika alishtuka, akavua hedifoni haraka.

“Redio! Umefika sasa hivi?” Halafu akaona viti chini, akaona watu wote wamesimama wanamtazama, akaona pete kwenye kiganja cha mkewe.

“Njoo,” Redio alisema.

Walikwenda nyuma ya jukwaa, kwenye kijichumba cha kuhifadhia mapazia. Spika akakaa juu ya boksi la spika kuukuu. Redio hakukaa.

“Tangu lini?”

“Nini tangu lini?”

“Usinifanye mtoto. Sikio.”

Spika aliangalia mikono yake. “La kushoto lilianza mwaka jana. Lilikuwa linalia kama nzi. Halafu hata nzi akanyamaza.”

“Na la kulia?”

“La kulia linaondoka.” Alijaribu kucheka, ikashindikana. “Daktari anasema ni hizi hizi spika, miaka yote nimesimama mbele yake. Labda mwaka, labda kabla. Kuna kifaa cha kuvaa, huenda kikanisaidia, huenda kisinisaidie. Hataki kuniahidi.”

“Daktari ni mwanamke?”

“Ndiyo. Umejuaje?”

Redio alifumba macho. “Endelea.”

“Namwandikia kwa sababu kwenye simu maneno yananipotea. Kila siku ananiambia nikwambie. Sasa nianzie wapi? Nani atampa kazi fundi wa sauti kiziwi? Na wewe utakaa na mtu wa kumpigia kelele mpaka lini?”

“Hilo si ungeniuliza mimi?”

“Niliogopa.”

“Na mimi niliogopa, nikakuuliza!” Machozi yalishafika kidevuni. “Jana, ulipokuwa unachora. Nilikuuliza kitu, hukunijibu.”

Spika aliinua kichwa. “Uliniulizia wapi?”

“Pale pale mezani.”

“Ulisimama upande gani?”

Redio akanyoosha mkono, akaligusa lile sikio la kushoto.

Spika aliushika mkono ule, akaubana hapo hapo ulipokuwa. Mabega yalianza kumtikisika. “Uliniuliza nini?”

“Kama bado unanitaka.”

“Mungu wangu. Na mimi nikafanya nini?”

“Ukaendelea na ramani yako.”

“Na ramani ile nilikuwa namchorea nani, Redio?”

Sasa alikuwa analia kabisa, mwanamume mzima juu ya boksi, na maneno yakamtoka kama yamefunguliwa koki. “Nilihesabu mwenyewe. Nikiendesha mimi, wewe unakaa kushoto kwangu, upande uliokufa. Safari nzima sitakusikia. Ukiendesha wewe, sikio lililobaki linakuwa kwako. Na tukikata kulia, bahari inakuwa upande wako, unaiona wewe, na mimi nikikugeukia kukusikiliza naiona bahari nyuma yako. Na huko korongoni gari letu litapita upande wa mlima, hutakuwa ukingoni, maana najua unaogopa. Nilikuwa nimepanga nikwambie siku ya kwanza, tukishasimamisha gari. Nilitaka siku chache tu, uongee, uongee yote, niyaweke.”

Redio alikaa sakafuni, kwenye mapazia, pete bado kiganjani.

“Mbona hukuniambia niongee hata nyumbani?”

“Nyumbani ulinyamaza.” Spika alifuta uso kwa kiwiko. “Miezi hii ndiyo iliyoniua. Nakutazama mdomo, haufunguki. Jirani namsikia, feni naisikia, wewe sikusikii. Nikasema, basi, sauti yake ndiyo imetangulia kuondoka. Leo asubuhi nimetoka nyumbani nikijua nimeshakupoteza.”

“Nilinyamaza kwa sababu hukuwa unanijibu.”

Wakatazamana. Miezi yote ile walikuwa wakifa kwa kiu, kila mmoja ameushika mtungi wa mwenzake.

Redio akainuka, akahamia upande wa kulia, akapiga magoti. 

“Mume wangu, bado unanitaka?”

“Nakutaka,” Spika akasema, kwa nguvu kupita kiasi, mpaka wapambaji wakasikia. “Nakutaka! Na hiyo pete ivae kabla sijafa kwa presha.”

Simu ya Redio ikatikisika. Ujumbe wa dada: *“Chumba tayari. Amekuangalia usoni?”*

Redio akajibu: *“Ameniangalia. Chumba weka mizigo yako. Ijumaa naendesha.”*

Dada alipiga simu mara tano. Haikupokelewa.

Ijumaa, kivuko kilipofungua mdomo, magari yote yalikata kushoto. Kijigari kimoja kikasimama katikati, kikazima, kikawaka, kikaruka kama chura.

“Mama, njia ni huku!” mfanyakazi wa kivuko akapaza sauti. “Huko unamkosesha abiria bahari!”

“Abiria hajaja kwa ajili ya bahari!” Redio akajibu, akakata kulia.

Aliendesha taratibu mno, ameukumbatia usukani, jasho linamtoka. Nyuma magari ya wenyeji yalipiga honi, Spika hakushughulika nayo. Alikuwa amegeuka kabisa, mgongo kwenye mlango, anamtazama mkewe, na nyuma ya mkewe maji yakimeta mpaka mwisho wa macho.

“Angalia mbele, unanitia woga,” Redio alisema.

“Mbele angalia wewe. Niambie ya saluni.”

Basi Redio akafungulia. Alisimulia ya mteja aliyekuja kusukwa akalala mpaka akakoroma, ya bi harusi aliyebadili mtindo mara nne akarudia wa kwanza, ya dada yake na lile jeneza. Aliongea kwenye kona, akaongea kwenye mteremko, akaongea hata pale alipotaka kulia, maana alikuwa anaona jinsi mwenzake anavyoinamisha kichwa kuyakusanya maneno, na jinsi maneno mengine yanavyompita. Kila lililompita alilirudia, kwa sauti zaidi. Hofu ilikuwa imekaa kiti cha nyuma, haikushuka kivukoni, na wote wawili walijua watarudi nayo nyumbani.

Juu ya mlima barabara ikanyooka. Redio akapunguza mwendo.

“Nakupenda,” akasema. “Mjinga wewe.”

Spika kimya. Uso haukubadilika.

Redio akasimamisha gari pembeni, akamgeukia, akamshika shavu. “Hukunisikia? Spika? Limeondoka?”

“Nimesikia,” Spika akasema. “Rudia.”