Binti Aliyebwia Unga

Mama Mikate alikuwa na mabinti wawili na tanuri moja, na wateja walisifu tanuri. Kila asubuhi watatu hao walikanda unga kwenye meza ndefu nyuma ya nyumba. Binti mkubwa hakukawia kuchoka. Akikanda kidogo, anahema. Kisha anajibwaga juu ya gunia, anachota unga mkavu kiganjani na kuubwia.

"Goigoi wewe!" mama yake alimwita. "Kazi huiwezi, lakini kunimalizia unga unaweza!"

Jina likamganda. Wateja wakalidaka. Yeye mwenyewe akawa anacheka nao, maana angefanya nini? Alipoolewa, mama alimtania mkwewe: "Baba, nunua godoro imara. Mkeo kwa kulala hana mpinzani."

Alipopata mimba, aliambiwa aende kliniki mapema. Akasema amechoka tu, si ndiyo kawaida yake? Hakwenda. Siku ya kujifungua alitokwa na damu nyingi, na mwili wake haukuwa na damu ya kupoteza. Alifariki, na mtoto wake naye. Mama Mikate alilia hadi sauti ikamkauka. Tanuri halikukaa siku nyingi bila moto, kwa sababu watu wanataka mikate.

Wakabaki wawili kwenye meza. Asubuhi moja mama aliinua macho, akamwona binti mdogo, Kitinda, amekaa juu ya gunia. Midomo imepauka. Kiganjani ana unga mkavu.

Mama alifungua mdomo amkaripie. Badala yake akamsogelea.

"Umeanza lini, mwanangu?"

"Kitambo, mama. Nilikuwa najificha. Niliogopa utaniita kama dada."

Mama alikung'uta unga mikononi. "Vua aproni. Twende hospitali."

"Na unga tuliokanda?"

"Uache uumuke mpaka umwagike."

Hospitalini walipokewa na daktari, mwanamke wa makamo. Alitazama macho na kucha za Kitinda, kisha akaagiza atolewe damu.

"Daktari, kama ni kupungukiwa damu tu, si utupe vidonge vya chuma twende zetu?" aliuliza mama.

"Tusibahatishe, mama. Upungufu wa damu uko wa aina nyingi. Kuna waliokosa chuma. Kuna waliokosa vitamini. Kuna wenye malaria au minyoo. Kuna wenye selimundu, ugonjwa wa kurithi. Chuma hakitibu selimundu, na kikizidi mwilini kinadhuru. Kwa macho wote wanafanana: wanachoka, wanahema, wanapauka."

"Sasa mtajuaje?"

"Tunapima wekundu wa damu, tujue imepungua kiasi gani. Kisha tunaangalia chembe zake. Aliyekosa chuma, chembe zake huwa ndogo na zimepauka. Za aliyekosa vitamini fulani huwa kubwa kupita kawaida. Za selimundu hujikunja kama mundu. Halafu tunapima akiba ya chuma."

Majibu yalikuja. Chembe za Kitinda zilikuwa ndogo, na akiba ya chuma ilikuwa imekwisha kabisa. Daktari alimuuliza kuhusu hedhi. Kitinda akainama, akasema kwa aibu kwamba hutoka nyingi sana.

"Hiyo nayo tutaitibu," alisema daktari. "Huwezi kujaza ndoo inayovuja. Kidonge meza kwa maji, usimeze kwa chai. Chai huzuia chuma kuingia mwilini. Choo kitakuwa cheusi, usiogope. Utapata nguvu mapema, lakini usiache dawa. Endelea kwa miezi niliyokuandikia, mpaka akiba ijae, na urudi tupime tena. Kula maharage, mboga za majani na nyama ikipatikana, pamoja na chungwa."

"Na huku kubwia unga?" mama aliuliza polepole.

"Mara nyingi ni dalili ya kukosa chuma. Si ulafi, mama."

Mama Mikate alimtazama Kitinda. Kisha machozi yakamtoka. "Nilikuwa na mwingine. Alikuwa anahema hivi hivi. Anabwia unga hivi hivi. Mimi nikamwita goigoi."

Daktari aliweka kalamu mezani. "Damu yake sikuipima, mama. Siwezi kusema kwa hakika."

Lakini hakusema kwamba sivyo.

Kitinda alimeza vidonge vyake kwa maji. Choo kilipokuwa cheusi, hakushtuka. Nguvu zilirudi, naye hakuacha dawa. Alipopimwa tena, damu ilikuwa imepanda. Hamu ya unga ilimtoka kabisa.

Siku moja fundi viatu, mteja wa siku zote, alimkuta anaburuta gunia zima bila kupumzika.

"Loo! Huyu si goigoi kama marehemu!"

Mama Mikate aliacha kufunga mikate. "Marehemu hakuwa goigoi," alisema. "Alikuwa mgonjwa, na mimi nilikuwa namcheka."

Kitinda aliliweka gunia mahali pake, kando ya meza. Mama akalipangusa juu kwa kiganja, taratibu, pale alipozoea kukaa binti yake mkubwa.