Mkono wa Chiriku

Asubuhi moja mama mmoja, fundi wa kushona nguo, alikuwa akipiga pasi sare ya binti yake. Mvuke ulipanda polepole, akajiona kama yumo ndani ya wingu. Binti huyo walimpa jina la Chiriku, maana mdomo wake haukupumzika hata usingizini. Lakini wiki hii alikuwa kimya, na kimya chake kilimtisha mama.

"Mama, leo siendi shule."

"Unaumwa?"

"Hapana. Tukicheza duara, hawanishiki mkono. Wanasema rangi yangu itawachafua. Eti turudi kwetu."

Fundi aliumia sana. Lakini mtu wa cherehani kila shida huitafutia kitambaa. Alikata hariri nyeupe, akashona glavu mbili laini.

"Vaa hizi, mwanangu. Watakushika tu."

Chiriku alizivaa, akavitazama vidole vyake kwa muda mrefu. "Kumbe na wewe unaiona mikono yangu mibaya?"

Fundi alimvua glavu zile. Machozi yakamtoka.

Jirani yao, mwalimu wa shule nyingine, alikuwa bado amesimama juu ya kigoda, gauni limejaa pini, akisubiri fundi amalize kumpima. Alisikia yote.

"Mama Chiriku, mficha maradhi kifo humuumbua. Huu ni ubaguzi wa rangi, si utani wa watoto. Nenda kwa mwalimu mkuu leo leo."

"Nikaseme nini?"

"Mwache mtoto aseme mwenyewe. Aliambiwa nini, na nani, wapi, na nani aliona. Usiongeze chumvi, wala usipunguze. Shule iandike, imsikilize kila mtoto peke yake, na iwaite wazazi wao. Kisha ikwambie imefanya nini. Ikinyamaza, fika ofisi ya elimu."

"Wataniita mkorofi."

"Na wakuite! Ila nitolee hizi pini kwanza, nisije nikakaa nikajuta."

Walicheka, huku fundi bado anafuta macho.

Shuleni, mwalimu mkuu alimsikiliza Chiriku bila kumkatiza. "Pole, mwanangu," alisema. "Kosa si lako." Aliandika maneno yale kama yalivyosemwa. Wazazi wa wale watoto waliitwa. Darasa zima likafundishwa kwa nini maneno yale huumiza, na mwalimu wa zamu akawa anasimama uwanjani wakati wa mchezo. Baadaye mwalimu mkuu alimpigia fundi simu kuuliza mtoto anaendeleaje. Wawili kati ya watoto wale waliomba radhi. Mmoja bado alinuna, na shule iliendelea kumfuatilia.

Chiriku akarudia kelele zake. Fundi alishona huku akisikiliza, na hadithi za binti yake zikamchukua mbali kama ndoto ya mchana.

Siku moja, langoni mwa shule, mama mmoja alimvuta fundi pembeni. Mwanawe alijificha nyuma yake.

"Nimesikia yaliyompata Chiriku. Wangu naye huambiwa maneno hayohayo. Nimenyamaza. Nilidhani ndiyo maisha."

Kabla fundi hajajibu, Chiriku alikwisha kumshika yule mtoto mkono.

"Twende," alisema. "Mlango wa mwalimu mkuu ni ule pale. Usiogope, anasikiliza."